Namba Uliyoigeuza Dawa

Kwako uliyekuwa mume wangu,

Dereva wa lori la Chala amenifikishia salamu zako. Anasema unauliza kama unaweza kurudi. Nakujibu hadharani, kwa sababu hukunidanganya peke yangu.

Unaukumbuka mwaka wetu wa kwanza pale Mpui? Baridi ya Juni ilitukusanya jikoni tukiota moto, nami nikakuandikia kwenye kibao changu namba niliyoipenda tangu chuo cha ualimu: 142,857. Ukiizidisha kwa mbili, unapata 285,714. Kwa tatu, 428,571. Tarakimu ni zilezile, zinafuatana vilevile, ila zimeanzia mahali pengine. Ulicheka kama mtoto. "Hebu nne!" ukasema. Nikafanya nne, tano, sita, hakuna iliyopotea. Jioni ile nilikupenda mno.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, pamoja na watu waliolilia mashamba yao na makaburi waliyoyaacha nyuma. Mimi nilishinda darasani. Wewe ulishinda barazani na kibao changu, nami nikidhani unawachangamsha tu.

Siku ile nilirudi mapema, nikakukuta unamwambia Mama Kalista, "Chagua namba, moja hadi sita. Umeona? Zinatawanyika, halafu zinarudi. Na afya ya mtoto itarudi hivyohivyo." Ukakiosha kibao, ukamnywesha Kalista yale maji ya chaki. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa, shingo imekakamaa. Pembeni, kuku aliyeletwa na mama yake kama malipo alikuwa ameshachinjwa na kuchomwa.

"Zidisha kwa saba," nikakuambia mbele ya watu.

"Saba haina kazi hapa, mke wangu."

Nikazidisha mwenyewe. Ikatoka 999,999, tisa tupu. "Hii ni hesabu, mama," nikasema. "Ni nzuri, lakini haiponyi mtu. Mpeleke zahanati!"  Mama Kalista alimfunga mtoto mgongoni akatoka mbio.

Nilipogeuka, ulikuwa umeshika paja la kuku. "Umeniaibisha," ukasema, mafuta yakikuchuruzika kidevuni, ukalamba vidole kimoja kimoja. Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika. Mpaka leo nikikukumbuka, ni vile vidole ninavyoviona.

Kalista alipona, ila masikio yake hayasikii tena. Anakaa dawati la mbele, nami namfundisha kwa mikono na chaki. Hujawahi kumuulizia, hata kupitia kwa dereva. Umeulizia kitanda chako tu.

Usirudi. Nimekichoka kinyaa hiki, wala sitaki kukizoea. Sikuombei mabaya. Naomba tu huko uliko asitokee mama mwingine akakukabidhi mtoto wake.

Ubaki hukohuko,

Niliyekuwa mke wako