Jina Lililoitwa Mara Tatu

Olumbi, mwanzoni mwa Shaabani

Dada yangu Alima,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mtwara, wewe na watoto, na shemeji pia, ambaye najua bado analalamika hashibi huku tumbo likimtangulia mlangoni. Sisi huku tunapumua. Mvua haikutunyima, mihogo imeshika, na magari ya Palma yanapita tena, ingawa kwa msafara wa askari. Mwili wangu mimi ni mzima. Wa ndugu yetu Ossufo si mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Barua nampa mchuuzi wa samaki anayevuka mpaka wa Namoto kesho.

Unajua kwamba tangu bomu limpasue masikio, Ossufo alikuwa anaingoja ile subsidio, fedha za serikali kwa wazee na watu wenye ulemavu. Miaka mitatu ameomba. Mwaka wa kwanza walimwambia uziwi hauonekani, basi si ulemavu. Mwaka wa pili wakataka karatasi ya hospitali. Akaenda mpaka Pemba juu ya lori la chumvi, akarudi nayo, akaitia kwenye plastiki, akawa analala nayo chini ya mto. Alikuwa akisema akiandikwa tu, ataacha kula kwangu.

Jumatatu iliyopita waandikishaji walikuja shuleni na askari wao. Siku moja tu, walisema. Chefe wao, huyo mkubwa wa kazi, anaitwa Inácio. Wazee wenye miguu yao aliwapa madawati kivulini. Vilema, vipofu na viziwi aliwaweka juani nyuma ya kamba, wangoje mpaka mwisho, kwa madai kwamba wanachelewesha kazi. Hapo penye kamba akamsimamisha kijana wa hapahapa, akampa fulana na fimbo ya mpingo, akamwambia atakayevuka kabla ya kuitwa apigwe, maana siku hizi mtu asiyesimama akiambiwa simama ni mwasi wa msituni.

Halafu wakaanza kuita majina kwa mdomo. Nakuuliza, dada, mtu mwenye akili zake anamwitaje kiziwi kwa mdomo, na karatasi ya uziwi anataka kuiona mezani? Ossufo Abacar, waliita. Wakarudia. Wakarudia tena. Ossufo amekaa chini, anapangusa vumbi kwenye plastiki yake. Baada ya mara ya tatu chefe akalikata jina kwa kalamu. Ni Verónica, yule jirani yetu Mmakonde aliyepoteza mguu, ndiye aliyemgusa bega kwa gongo lake na kumwonyesha mezani. Ossufo akainuka, akaruka kamba, karatasi mkononi.

Mshika fimbo akampigia kelele asimame. Atasimamaje, na hasikii? Laana ya Mungu imshukie mshika fimbo yule! Fimbo ya kwanza ilimpata kisogoni, akaanguka kifudifudi. Akajiinua kwa magoti, akageuka, akainua ile karatasi mbele ya uso wake. Fimbo ya pili ikamvunja vidole viwili, karatasi ikadondoka. Ya tatu ikaingia jichoni. Nilisikia sauti yake, Alima, kama yai linapogongwa kwenye ukingo wa bakuli, na damu ikamwagika mpaka kifuani. Verónica akajirusha na mguu wake mmoja, akamng'ata mshika fimbo mkono, hakuachia mpaka askari alipompiga teke la tumbo. Askari wakafyatua risasi hewani. Watu wakakanyagana juu ya wale waliokuwa hawawezi kukimbia, na kipofu mmoja mzee akavunjwa mbavu. Chefe akafunga daftari, akapanda gari.

Jumatano nilimfuata chefe huko Palma, nikiwa nimemshika Ossufo mkono, kichwa chake kimefungwa bendeji. Akaitazama karatasi, akasema imeandikwa kiziwi tu, jicho halimo, kwa hiyo hailingani na mtu aliye mbele yake. Akatafute nyingine, aje mwakani.

Dada, nimeandika mshika fimbo, mshika fimbo, kana kwamba simjui. Ni mimi. Meno ya Verónica yako kwenye mkono huu unaoandika.

Chefe alikuwa ameniahidi kazi ya ulinzi ya kudumu. Asubuhi ile alinionya kwamba akiniona nampendelea ndugu yangu, fulana atanivua palepale mbele za watu. Kwa hiyo nililisikia jina likiitwa mara tatu, na nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake, nikanyamaza. Na nilipompiga sikukosea mtu. Nilimjua. Alipogeuka akaniona, alitabasamu, Alima. Alidhani nimekuja kumfungulia njia. Karatasi aliniinulia mimi, nione kwamba anayo. Chefe alikuwa ananitazama, nikapiga tena. Ile ya tatu sijui ilikuwa ya nini. Naona aibu mpaka ya kupumua.

Hospitalini walimuuliza kwa ishara nani kamfanya hivi. Akaonyesha kwa mikono kwamba alianguka. Hakunitaja. Chakula nikimwekea anakula. Lakini kila nikiinua mikono niseme naye kwa ishara zile zetu, analifumba hilo jicho moja lililobaki, anangoja mpaka mikono ishuke, ndipo analifumbua. Sina njia nyingine ya kumwambia nisamehe. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu adhuhuri, nimepiga magoti mbele yake. Anafumba.

Sikuombi uje kutupatanisha. Njoo umchukue. Akibaki kwangu atamaliza maisha yake amefumba jicho.

Wasalimie watoto, lakini usiwasomee. Mwambie shemeji chochote utakachoona kinafaa. Mungu akuvushe salama.

Mimi nduguyo,
Sadique