Tela la Baba limepata namba

Jumatano, Kibiti. Mvua imekatika asubuhi, jua limetoka la kuchoma, lakini moyo wangu umepoa.

Baba yangu amevuta tela kwa pikapu yake miaka mingi, akibeba mpunga wa watu wa kijiji cha Mahege kuuleta mashineni. Alilichomelea mwenyewe. Mwezi uliopita trafiki alimsimamisha, akamsalimia kwa heshima, akamweleza kwamba tela zito namna ile husajiliwa peke yake, liwe na namba yake, taa zake na breki zake. Kisha akaangalia leseni. Daraja lake lilikuwa la gari dogo. Halikumruhusu kuvuta tela lile.

Baba alirudi, akalifungua tela, akaliacha chini ya mkorosho.

Hapa nikiri: nilishukuru.

Tangu Ramadhani niliona macho yake yanafifia. Mara mbili alimpita jirani yetu anayempungia mkono. Sikumwambia. Niliogopa kumvunja moyo, nikamwacha aendeshe barabara ileile wanayopita watoto wa shule. Hilo halinitoki.

Alipokwenda kuomba daraja jipya alipimwa macho, hakupita. Akaambiwa ni mtoto wa jicho, atatibiwa, ila kwa sasa asishike usukani. Alinisimulia akiwa amenipa mgongo.

Basi nikajifunza mimi. Leseni ninayo tangu chuo, lakini sikuwahi kuvuta kitu. Kupiga rivasi na tela kunachanganya: ukitaka liende kushoto, unakata usukani kulia. Kila jioni tulikwenda kiwanjani, Baba akakaa pembeni yangu, kioo kimeshushwa, akisikiliza matairi. Nilipokosea hakunigombeza. Alisema turudie, tukarudia. Wiki iliyopita nilifaulu mtihani wa daraja la kuvuta tela, na fundi akamaliza kufunga breki na taa.

Leo tela limekaguliwa, likapita. Ikabaki fomu ya usajili. Karani akauliza mmiliki ni nani. Nilikuwa nafungua mdomo kumtaja Baba, akaniwahi.

“Andika Zaituni,” akasema. “Ni mwanangu. Ndiye anayeendesha.”

Nilishindwa kutia saini kwa muda. Karani, Mungu ambariki, alijifanya anatafuta karatasi mezani.

Njiani kurudi sikuweza kuvumilia zaidi. Nikamwambia Baba kwamba niliyajua macho yake mapema, nikanyamaza.

Tukaiacha lami.

“Nilijua kwamba unajua,” akasema. “Na mimi nilinyamaza.”

Akaniwekea mkono begani, akauacha hapo hadi nyumbani.

Alfajiri tunakwenda Mahege, mpunga unatungoja. Nimeazimia kwenda mwendo wa taratibu, na kila anayetupungia mkono, nimtajie Baba jina lake ili naye ampungie.