Tembe za Mama na Goti la Arap Bii

Calvince, hutaamini!

Lile shairi langu la dawa ya sukari, nililosoma jana kwenye kituo cha majani chai tukingoja lori? Pale niliposema watafiti wameona inatuliza chembe za kinga, zile zinazoleta uvimbe? Watu walipiga makofi, wewe mwenyewe uliona.

Sasa leo asubuhi mama hana tembe zake za sukari. Hata moja! Amewagawia majirani wenye magoti yaliyovimba.

Namuuliza, "Mama, na sukari yako?"

"Si ni wewe ulisimama pale ukasema inasaidia?"

Mimi!

Nesi Akeyo wa zahanati amenifokea: "Hayo bado ni ya maabara, mshairi. Rudisha dawa ya mama yako leo hii!"

Nimezunguka Roret nyumba kwa nyumba nikikana shairi langu mwenyewe. Wa mwisho, Mzee Arap Bii, amekataa kurudisha. Ati goti limepona. Hata ameruka nione.

"Umemeza ngapi, mzee?"

Akafungua kitambaa. Zote zimo.

"Sijaanza. Shairi lilinitosha."

Nimezirudisha, na mama ameshameza yake ya leo. Mimi sijui nicheke au nijivunie shairi.