Sitara ya Mwanne

Tangini,
Kibaha.
10 Juni, 2025.

Kaka Mudathir mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduru, wewe, shemeji Faudhia na mwanenu Hajra. Kile kifua chako je, kimepata nafuu? Huku afya tunazo, ila Idd tumeila kimya, na mimi roho haijatulia hata siku moja.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nimehamia kwa dada yetu Mwanne kwa muda, na nyumba yake bado haina dari. Ukikohoa sebuleni anasikia chumbani. Haya sitaki ayasikie.

Leo ni siku ya arobaini tangu tumzike shemeji Hussen. Dada anakaa eda vizuri, hatoki. Lakini unajua marehemu aliondoka kabla hajamaliza kujenga. Choo na bafu viko uani, na uani ni peupe, mpita njia anaona kila kitu. Ndiyo maana siku ya pili ya msiba tulizungushia ua wa makuti, ajisitiri.

Sasa kamati ya wakazi imeleta barua. Makuti yaondolewe kufikia Jumamosi ya tarehe 21, la sivyo watakuja kuyang'oa wenyewe. Kanuni zao zinataka kila kiwanja kiachwe na nyasi za asili, ukoka wetu huu huu, na uzio uwe wa waya wa kuonyesha ndani, usiopita kifua. Tena nguzo zetu tumezichimbia katikati ya huo ukoka. Kumpeleka kwetu Chole haiwezekani, eda anaimalizia nyumbani kwa mumewe.

Kaka, kanuni hiyo niliiandika mimi. Mwaka jana wezi walipotusumbua nilisimama mkutanoni nikaongea kwa mbwembwe, kwamba kwenye kuta na makuti ndiko wanakojificha, tuweke waya kila mtu aone kwa mwenzake. Nikapigiwa makofi, nikavimba kichwa. Juzi nimekwenda kuwaomba wamwachie dada miezi mitatu tu iliyobaki, mwenyekiti Sadick akanisomea maneno yangu mwenyewe mbele za watu. Nilitoka pale sijui nishike lipi.

Wewe na Sadick mmetoka jando moja. Nakuangukia, kaka, mpigie kabla ya Jumamosi hiyo. Mimi hanisikilizi tena.

Nisalimie shemeji, Hajra, na mzee Abeid jirani yenu. Mungu awape afya na riziki ya halali, na dua zako usininyime.

Mwanne hajui kanuni ilitoka kwa nani. Jana baada ya magharibi aliinua mikono akamwomba Mungu amvue sitara huyo anayemvua yeye. Kisha akanigeukia, akasema, "Niitikie, Yassin." Nikaitikia amina.

Mdogo wako akupendaye,
Yassin