Frigo ya Sange

Nyamianda, Uvira, tarehe 3 Februari 2000

Kwa mwanangu Pudentienne,

Salamu nyingi zikufikie wewe, kaka yangu Ndayiragije na nyumba nzima. Mnaamkaje huko Sange? Kikohozi cha mama yako kimepungua? Sisi huku tuko wazima, Mungu anasaidia.

Umepata kazi, mwanangu: kutunza frigo, ile friji ya chanjo! Dokta Onesphore, mkubwa wangu wa chanjo, alikataa mara mbili. Anasema vita vimefunga barabara, hakuna wa kufika Sange kukagua, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikamwambia mtoto wa kaka yangu hahitaji fimbo. Basi ametoa miezi mitatu ya kukujaribu. Ukishindwa, frigo itaondolewa na watoto wa Sange watabaki na surua yao. Unajua mwaka jana tulizika wangapi.

Sasa sikiliza kazi, maana sina namna ya kukushika mkono. Frigo inawaka kwa petroli, yaani mafuta ya taa. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, kata utambi. Asubuhi na jioni soma kipimo cha baridi na uandike kwenye fishi, ile karatasi ya vipimo, palepale, si kesho kwa kukumbuka. Kisishuke chini ya digrii mbili, kisipite nane, chanjo isiharibike. Usilolijua, uliza. Kama huwezi kungoja jibu, amua mwenyewe, kisha uniandikie ulichoamua. Barua na fishi mpe Ernestine, yule muuza mawese anayepita kwa miguu.

Ni mimi shangazi yako,
Generose

Sange, tarehe 24 Februari 2000

Kwa Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima kubwa. Habari za Uvira? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku wote ni wazima, mama anakohoa kidogo tu.

Kazi inaenda vizuri sana. Moto ni wa buluu kama ulivyosema. Kulikuwa na makelele kidogo ya risasi lakini yamepita, usihangaike. Nakutumia fishi, nimeiandika kwa mwandiko mzuri: kila siku digrii nne asubuhi, nne jioni. Alhamisi tarehe 9 Machi nitawaita akina mama kwa chanjo ya kwanza.

Baba anajivuna hadi anachosha. Sokoni anajitambulisha kuwa ni baba wa daktari. Mwambie Dokta asiwe na wasiwasi.

Ni mimi mtoto wako,
Pudentienne

Nyamianda, tarehe 28 Februari 2000

Pudentienne,

Nakusalimu. Mgongo wangu ni mzima, tuliache hilo.

Fishi yako sijampa Dokta. Iko chini ya godoro langu. Siku zote hizo, nne na nne? Mimi nimelea frigo za petroli miaka kumi na mmoja. Mchana wa Sange unawaka, frigo hupanda hadi sita, hadi saba, alfajiri inashuka. Frigo isiyotikisika ni frigo ambayo hakuna aliyeiangalia. Na hayo "makelele kidogo" ni nini? Ernestine ameniambia Sange nzima ililala kwenye mashamba ya mpunga. Nani alibaki na moto wa frigo?

Moto kuzimika si kosa lako, ni vita. Lakini mimi niko mbali. Ungekuwa mbele yangu ningekutazama usoni nijue. Sasa macho yangu ni hiyo karatasi. Ukiandika uongo umenipofusha, halafu tutachoma watoto sindano za maji matupu huku mama zao wakitushukuru. Umeshachoma? Nijibu hilo kwanza, kabla ya salamu.

Shangazi yako

Sange, tarehe 10 Machi 2000

Sijachoma hata mtoto mmoja.

Sasa nakusalimu, Shangazi. Barua yako ilifika Jumatano jioni, na akina mama walikuwa wanakuja kesho yake. Ukweli ni huu: kuanzia tarehe 13 hadi 16 Februari tulikuwa kwenye mpunga. Niliporudi, moto umezimika na kipimo kinasema kumi na tatu. Niliwasha, nikalia, nikaandika fishi nyingine safi. Ile ya kweli ninayo, nakutumia, ina tope. Niliona haya. Nimelelewa nikijua mkubwa haandikiwi mabaya. Unamwambia tuko wazima, mengine atayaona mwenyewe akija. Sikufikiri kwamba wewe huwezi kuja.

Walikuja akina mama arobaini na wawili. Nilisimama mlangoni nikawaambia dawa imeharibika, na kwamba nilificha. Agathe, jirani yetu, alinipandia juu: "Minye nimeacha muchele ku jua, nimebeba mutoto, na weye unasema nini? Dawa iko, lakini haiko?" Nikavitoa vichupa vyote mbele yao, nikavizika nyuma ya choo. Baba alinivuta kando: "Dokta iko Uvira, hakuona kitu. Nani alikuuliza?" Tangu jana hanisemeshi.

Mpe Dokta fishi yenye tope. Wakiichukua frigo, nitaifunga kamba mimi mwenyewe. Leo ilikuwa saba asubuhi, tano jioni.

Mtoto wako,
Pudentienne

Nyamianda, tarehe 2 Aprili 2000

Mwanangu Pude,

Frigo inabaki! Salamu sasa, kwako na kwa wote.

Nilimpa Dokta fishi zote mbili, safi na ya tope. Na nilikuwa nimemwapia kwa jina lako. Akasoma zote mbili. Kisha akatoa fishi za vituo vingine vitano akazipanga mezani. Zote nne na nne! Hata ya kituo ambacho tulisikia kimeungua pamoja na frigo yake. Tulicheka mpaka akavua miwani. Akasema: "Huyu binti iko wapi? Kati ya hawa bote, ni yeye tu iko nafanya kazi." Dozi mia tatu zinakuja Sange kabla ya kwingine. Ernestine atabeba sanduku la baridi kichwani badala ya mawese.

Ukali wangu haujaisha. Ungeniandikia siku ile ile uliyoiona kumi na tatu. Lakini kusimama mbele ya mama arobaini na wawili, bila mtu wa kukusukuma, mimi sijui kama ningeweza. Nimejivuna, mwanangu. Nilirudi nikiimba, watu wa mtaa wa Mulongwe wakadhani nimekunywa. Mwambie kaka yangu nimesema hivyo, na umwambie kwa sauti.

Shangazi yako mwenye furaha,
Generose

Sange, tarehe 30 Aprili 2000

Kwa Shangazi,

Tumechoma watoto mia mbili themanini na sita. Dozi kumi na nne zimebaki, kipimo leo kilisema sita, kikapanda hadi nane saa nane mchana, nikapunguza kufungua mlango wa frigo.

Nakusalimu. Mgongo wako unaendeleaje? Safari hii niambie ukweli.

Baba aliwapanga akina mama mstari tangu alfajiri. Mama mmoja wa mbali aliuliza kama dawa hii ni nzima, nikasikia baba anamjibu kabla yangu: "Mutoto wangu akisema dawa haiko, haiko. Akisema iko, leta mutoto." Agathe alikuwa wa kwanza kusogea.

Wanasema barabara itafunguka mwezi ujao na utakuja kukagua. Karibu sana, tutakuchinjia kuku. Ila ujue, Shangazi: uje usije, fishi itakuwa hiyo hiyo ya kweli.

Mtoto wako,
Pudentienne