Moyo Usio na Rangi

Bukavu, Ibanda, Jumapili

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Mmeamkaje huko Luvungi? Natumaini magoti ya maman yametulia na ndege hawajaumaliza mpunga wenu. Mimi ni mzima. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, ziwa limepotelea kwenye ukungu, nami nimekaa dirishani nikikiona akilini kitabu changu cha biolojia mikononi mwa watoto nisiowajua, hadi Shabunda huko. Chai imepoa bila kunywewa.

Kitabu kiko kwa mchapaji. Moyo niliuchora mwenyewe, damu safi kwa nyekundu, damu chafu kwa bluu. Mchapaji alisema, "Prof, hii iko muzuri kabisa." Nilivimba kichwa, sikufichi.

Ijumaa niliujaribu darasani. Unajua tunavyofanya: kitabu ni kimoja, wanafunzi wote wanasomea fotokopi zisizo na rangi. Nikagawa karatasi. Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Monsieur, damu chafu inapita wapi? Huku yote iko sawasawa." Nikaichukua karatasi yake. Yaya, mimi niliyeuchora nilishindwa kumwonyesha. Kila mshipa ulikuwa kijivu. Niliona aibu mpaka kengele ikalia. Nakuwekea fotokopi hiyo humu ndani, dereva wa gari la Luvungi atakuletea kesho.

Sasa naomba shauri lako kama mwalimu mwenzangu. Wewe unafundisha moyo kwa chaki nyeupe tu, na wanafunzi wako hawapotei. Damu chafu unaionyesha kwa vistari au kwa vitone? Majina unayaandika ndani ya picha, au pembeni yenye mishale? Mchapaji anasema bila rangi kitabu kitaonekana cha kimaskini, na Jumatano anaanza kuchapa. Nikinyamaza kitatoka kizuri, na watoto watakariri moyo wasiouelewa. Nimekiandika miaka sita, na hilo linaniuma.

Usinieleze kwa maneno. Uchore ubaoni kama siku zote, shemeji aupige picha kwa simu na kunitumia. Nitauweka kitabuni ulivyo, na jina lako chini yake.

Nisalimie maman, shemeji, na tonton, mjomba wetu wa Kamanyola, ambaye bado anadhani nasomea udaktari. Na usichelewe, Yaya. Ule moyo wa rangi nimeshauchukua kwa mchapaji na kuuchana.

Mdogo wako anayekutegemea,
Amani