Kibuyu cha maziwa kimenipita

Umwali, leo nimepata haya mbele ya bantu yote.

Unajua tangu bwana yangu Rugema atoke gereza, bamemulazimisha kufata masomo ya kutuliza hasira hapa Baraka. Leo ilikuwa siku ya kufunga masomo. Jana aliniambia, "Osha kibuyu kizuri, ujaze maziwa. Kila muntu atapatia ule aliumizaka, njo kuomba musamaha."

Ule aliumizaka. Mi nikajua ni mi. Nani mwengine? Nikavaa hata mukenyero ya arusi.

Rugema akakuja na kibuyu ku mikono mbili. Nikasimama, Umwali. Nikanyoosha mikono.

Akanipita.

Akapigia Ndagijimana magoti, ule Rugema alimuvunjaka mukono ku soko ya Lweba. Na Rugema analia. Analia, weye. Mi ananipigaka miaka yote, sijaonaka machozi yake.

Ku nyumba nikamuuliza, "Na mi?" Akapumua polepole vile bamemufundisha, akasema, "Mama Ishema, tunaombaka musamaha bale benye balitushitaki."

Umwali, we unaishi karibu na polisi. Banafunguaka saa ngapi?